Tuwafungulie watoto wetu kabati la vitabu

Leo napenda tuzungumzie jambo ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya mambo mazito yanayojadiliwa katika kurasa nyingine za gazeti hili, nalo ni mtoto wa shule ya msingi na kitabu cha hadithi. Sikusudii kitabu cha kiada, ambacho mwalimu humtajia mtoto ukurasa na kumwamuru ajibu swali la kwanza hadi la kumi. Nakusudia kile kitabu ambacho mtoto hukifungua mwenyewe, bila kuamrishwa na yeyote, kwa sababu tu ana hamu ya kujua sungura alinusurika vipi, au Abunuwasi alimjibu nini Sultani.

Limenisukuma kulisema hili sasa kwa sababu tumo katika kipindi cha mabadiliko makubwa ya elimu. Tangu Januari 2024 nchi yetu imeanza kutekeleza mitaala mipya, ambayo kwayo elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita badala ya saba, kisha ifuatiwe na miaka minne ya sekondari hatua ya chini, na yote hiyo kumi ni ya lazima. Mengi yamesemwa kuhusu vyumba vya madarasa, upungufu wa walimu, mafunzo ya amali na lugha ya kufundishia. Yote hayo yana haki ya kusemwa. Lakini ni wachache waliouliza swali hili: mtoto huyo atakayemaliza darasa la sita, je, atatoka pale akiwa anapenda kusoma?

Swali hilo si la anasa. Mtoto amepunguziwa mwaka mmoja wa kujiandaa, na akivuka hapo anaingia sekondari, ambako katika shule zetu nyingi masomo hufundishwa kwa Kiingereza na vitabu ni vinene. Ikiwa hajazoea kusoma kurasa kumi za Kiswahili kwa mfululizo bila kuchoka, lugha anayocheza nayo na kugombana nayo kila siku, atawezaje kuzisoma kurasa hamsini za lugha anayoisikia darasani tu?

Kujua kusoma na kupenda kusoma

Tuanze na hali ilivyokuwa. Mwaka 2010 taasisi ya Uwezo ilianza kupita nyumba kwa nyumba hapa Tanzania ikiwapima watoto kwa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Matokeo yaliishtua nchi. Chini ya nusu ya watoto wa darasa la tatu ndio walioweza kuisoma hadithi hiyo ya Kiswahili, na hata miongoni mwa waliofika darasa la saba, takriban mmoja kati ya watano alishindwa. Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2015 ukaletwa mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliojikita katika stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, maarufu kwa jina la KKK, na mwaka 2016 ada ikaondolewa, watoto wakamiminika shuleni.

Hizo zilikuwa hatua njema, na asiyeshukuru kidogo hashukuru kikubwa. Hata hivyo, hatuna budi kutofautisha mambo mawili. Kumfundisha mtoto herufi na silabi ni kumfundisha kushika kasia. Ni lazima, wala hakuna njia ya kuliepuka. Lakini mtoto anayefundishwa kushika kasia ufukweni miaka sita, bila ngalawa kuingizwa majini hata siku moja, hatukuwa mvuvi.

Sisi walimu wa madrasa tunaifahamu vizuri tofauti hii. Mtoto anaweza kuhitimisha juzuu kwa matamshi safi kabisa ilhali maana ya alichokisoma bado hajaijua. Katika Qur'an jambo hilo lina mahali pake, kwani kisomo chenyewe ni ibada, na tafsiri humfuata mtoto kadiri akili inavyopevuka. Ukurasa wa kitabu cha sayansi au cha historia hauko hivyo. Ukitamkwa bila kueleweka, haukusomwa. Nawe ukipita nje ya madarasa yetu mengi utasikia watoto wakiuimba ubao kwa sauti moja, mwalimu akitangulia nao wakifuatia. Futa ubao, uandike maneno yaleyale kwa mpangilio mwingine, na wengi wao watanyamaza.

Ni kipi basi kinachomvusha mtoto kutoka katika kutamka hadi kuelewa? Ni wingi wa kusoma. Mtoto anayesoma kwa kujikokota, silabi baada ya silabi, hufika mwisho wa sentensi akiwa ameshausahau mwanzo wake. Ni lazima kasi iongezeke mpaka macho yayatambue maneno bila juhudi, ili akili ipate nafasi ya kushughulikia maana. Kasi hiyo haiji kwa fimbo wala kwa mtihani. Inakuja kwa mazoezi mengi, na mazoezi mengi hayafanywi na mtoto ila kwa jambo analolipenda. Hakuna aliyemtungia mtoto wa mtaani mtihani wa chandimu, lakini mwangalie jioni miguu yake ilivyo myepesi.

Kosa langu mwenyewe

Nisingependa msomaji adhani ninawanyooshea wengine kidole. Miaka mingi iliyopita, mwanangu akiwa darasa la tano, nilirudi nyumbani baada ya Isha nikamkuta amelala kifudifudi mkekani chini ya taa, anasoma kijitabu kilichochakaa, kisicho na jalada, na anacheka peke yake. Wiki iliyofuata ilikuwa ya mitihani ya muhula. Nilimpokonya kijitabu kile nikamwambia, “Hivi ndivyo utakavyofaulu? Chukua kitabu cha maana!” Nikakitupia juu ya kabati la nguo, nikaenda zangu kula.

Mtoto alitii. Alichukua daftari la Maarifa ya Jamii, na mitihani alifaulu. Nami nilijiona baba mwenye msimamo.

Miaka ikapita. Siku tulipokuwa tunapaka rangi chumba, tukasogeza kabati, kijitabu kikaanguka na vumbi lake. Wakati huo mwanangu alikuwa ameshamaliza chuo na yuko kazini. Nilikaa kitandani nikakisoma chote, kwani kilikuwa na kurasa zisizofika arobaini. Kilikuwa kizuri, na mahali fulani nami nilicheka. Alipokuja kututembelea nikamkabidhi. Alikigeuzageuza mkononi, akatabasamu, akasema, “Baba, mwenyewe alikidai mpaka akachoka. Nilimwambia kimepotea.”

Ndipo nilipojua kuwa kitabu kile hakikuwa chake. Aliazima kwa rafiki yake, na aliona ni heri aonekane mzembe kwa mwenzake kuliko kuja kuniomba. Nikamuuliza siku hizi anasoma nini. Akanijibu kwa heshima kwamba husoma yale ya kazini yanayomlazimu. Tangu usiku ule wa mkekani sikumbuki kumwona tena akicheka na kitabu. Siwezi kuapa kuwa ni mimi niliyekizima kicheko kile, kwani mtoto hukua kwa sababu nyingi, lakini siwezi pia kujitoa.

Kabati lililofungwa

Kabati langu lilikuwa la nguo. Shuleni liko kabati jingine, nalo lina kufuli. Nimebahatika kualikwa katika shule kadhaa kuzungumza na wazazi, na zaidi ya mara moja nimeona ofisini kwa mwalimu mkuu vitabu vya hadithi vimepangwa vizuri nyuma ya kioo, vingine bado vimo katika nailoni zake. Nikiuliza kwa nini haviko mikononi mwa watoto, jibu huwa ni lilelile: “Shekhe, vitapotea, na mimi ndiye nitakayeulizwa.”

Simlaumu mwalimu huyo, maana amesema kweli. Mkaguzi anapofika huhesabu vitabu vilivyomo. Hakuna anayemuuliza ni vingapi vimesomwa, na watoto wangapi, na ni kipi kilichogombaniwa zaidi. Tumempa kazi ya kulinda mali, naye anailinda. Mwalimu ambaye vitabu vyake vimechakaa kwa kusomwa huonekana mharibifu, na yule ambaye vyake vinang'aa kwa kutoguswa hupewa pongezi. Kwa hesabu ya aina hiyo, kitabu chenye heri kuliko vyote ni kile ambacho hakijawahi kufunguliwa.

La kusikitisha zaidi ni kwamba juhudi za kuvipata vitabu hivyo hazikuwa ndogo. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada wa shirika la CODE la Canada, ili wachapishaji wetu wapate moyo wa kutoa hadithi za watoto kwa Kiswahili. Mradi ulinunua sehemu ya nakala na kuzipeleka mashuleni. Kabla ya hapo, tarehe 9 Desemba 1967, Mwalimu Nyerere alikuwa amefungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Na Aprili 2023 ilitolewa kwa mara ya kwanza Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo baadaye iliongezewa uwanja wa hadithi za watoto. Kwa hiyo waandishi tunao, na wachapishaji tunao. Vitabu havitoshi, hilo ni kweli, lakini hata hivyo vichache vilivyopo hukwama katika hatua ya mwisho, ile ndogo kuliko zote, ya kutoka kabatini hadi mkononi mwa mtoto.

Mifano ya kuzingatia

Huenda msomaji akauliza, tuna uhakika gani kwamba hadithi hizi zitamfaa mtoto kuliko zoezi la sarufi? Jawabu tulitafute kwa waliojaribu. Mwaka 1980, katika Fiji, nchi ya visiwa vya Bahari ya Pasifiki, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walizichukua shule za msingi za vijijini, madarasa ya nne na ya tano, ambako watoto walikuwa wakijifunza Kiingereza kama lugha ya pili. Shule nane zililetewa vitabu vya hadithi 250 kila moja, vyenye picha na visa vya kuvutia. Nyingine ziliendelea na vitabu vya mazoezi kama kawaida. Katika zile nane, kila siku zilitengwa dakika 20 hadi 30 za hadithi tu. Baadhi ya walimu walisoma pamoja na watoto na kuzungumza nao, na wengine waliwaacha wasome kimya wenyewe. Mwaka ulipokwisha, watoto wa hadithi walikuwa wamepiga hatua katika kusoma karibu mara mbili ya wenzao. Mwaka wa pili faida ikaenea hadi katika kuandika na katika sarufi yenyewe, ile ambayo wale wengine ndiyo waliyokuwa wakifundishwa. Hao ni watoto wa vijijini, wa visiwani, na lugha ile si yao. Wanafanana na nani kama si wetu?

Mfano wa pili unahusu umasikini, kwani wengi tunaamini kuwa mtoto wa masikini ameshashindwa kabla hajaanza. Mwaka 2002 shirika la OECD lilichapisha uchambuzi wa mtihani wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2000, uliowapima vijana wa miaka 15. Ilionekana kwamba vijana wa familia za kazi duni waliokuwa wakipenda kusoma na kusoma mengi waliwapita vijana wa familia za kazi za juu wasiokuwa na habari na vitabu. Wazazi wengi hatuna mali ya kuwarithisha watoto wetu. Kumbe lipo la kuwarithisha ambalo linaweza kuipiku mali.

Wala tusiseme kuwa mazingira yetu hayaruhusu. Kwa jirani zetu wa Kenya, huko Garissa, mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ilianza kuwapakia ngamia masanduku ya vitabu na kuwapelekea watoto wa wafugaji wanaohamahama. Vitabu viliazimwa, vikasomwa, vikarudi. Ikiwa kitabu kinaweza kumfuata mtoto jangwani juu ya mgongo wa ngamia, kinashindwaje kuvuka uwanja wa shule kutoka ofisini hadi darasani?

Na tuna mfano wa nyumbani kabisa. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1948, ambaye alipita chuoni na shuleni kama watoto wengine wa Kisiwani, alitunukiwa Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Katika hotuba yake ya Desemba mwaka huo hakuanza kwa kuzungumzia nadharia. Alianza kwa kueleza kwamba kuandika kumekuwa raha kwake tangu utotoni, na kwamba shuleni alikingojea kwa hamu kuliko vipindi vyote kile kipindi ambacho waliachwa watunge hadithi. Akaeleza pia kuwa alisoma ovyo, chochote kilichomfikia, kwa kuwa hapakuwa na cha kuchagua. Naomba tulitafakari neno hilo. Hakuna aliyekaa akampangia orodha ya vitabu vyenye maadili vilivyothibitishwa. Alisoma alichokipata, na akakipenda.

Je, hadithi ni porojo?

Wapo watakaosema kuwa hadithi humpotezea mtoto muda, na kwamba afadhali ashike yenye manufaa. Nami niliwahi kusema hivyo, kama nilivyokiri. Lakini tujiulize: wazee wetu walimleaje mtoto? Bibi hakuanza kwa kumwambia mjukuu, “Sikiliza, nakufundisha subira.” Alisema, “Paukwa!” na watoto wote wakaitikia, “Pakawa!” Subira ikaingia yenyewe ndani ya kisa. Mwana Kupona wa Pate, takriban mwaka 1858, alimtungia binti yake utenzi, ukanakiliwa kwa hati za Kiarabu na kughanwa majumbani, na hivyo mtoto wa pwani aliyajua maandishi kwanza kwa sauti ya mama kabla ya kuyajua kwa fimbo ya mwalimu. Baadaye vikaja vitabu vya Alfu Lela Ulela na Hekaya za Abunuwasi, na wazee wengi mnaosoma ukurasa huu mnakumbuka mlivyovigombania.

Nasi Waislamu tuna sababu zaidi ya kutoidharau hadithi. Amri ya kwanza kumshukia Mtume wetu ilikuwa ni ya kusoma. Na katika Kitabu chetu mna sura nzima inayomsimulia Nabii Yusuf tangu ndoto yake ya utotoni, kutupwa kisimani, gerezani, hadi siku ile ndugu zake walipomtambua. Kama simulizi ingekuwa upuuzi, Mola asingetufundisha kwayo.

Tufanye nini?

Sitaki tuachane kwa masikitiko tu. Yapo mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu, na karibu yote hayahitaji bajeti.

Kwanza ni muda. Dakika 20 kila siku, darasani au nyumbani, zisizokuwa na kazi nyingine ila kusoma. Mwalimu naye asome wakati huo, na mzazi vilevile. Mtoto hawezi kuamini kuwa kusoma kuna raha kutoka kwa mtu mzima ambaye hajawahi kumwona na kitabu.

Pili ni uhuru. Mtoto achague mwenyewe. Akitaka habari za mpira, asome. Akitaka katuni, asome. Akikichoka kitabu katikati, akiache achukue kingine, kama tunavyofanya sisi na magazeti yetu. Na akimaliza, tusimkimbilie na maswali ya funzo na wahusika. Swali linalotosha ni lile la bibi: “Enhe, kisha ikawaje?”

Tatu ni sauti. Tumsomee mtoto kwa sauti, hata baada ya yeye kujua kusoma. Na mzazi ambaye hakubahatika kusoma asijitoe katika hili. Amwambie mtoto, “Nisomee mimi.” Hakuna heshima kubwa kwa mtoto kuliko kumpa mama yake kitu ambacho mama hakukipata.

Nne, madrasa na misikiti yetu. Sanduku moja la vitabu vya hadithi barazani, daftari la kuazimia na kijana mmoja mwaminifu wa kulisimamia vinatosha kwa kuanzia. Watoto tayari wanakuja kila jioni, na wengine hufika mapema na kukaa bure wakimsubiri ustadhi.

Tano, simu. Badala ya kuilaani kila siku, tuitumie. Mradi wa African Storybook, ulioanzia nchini Afrika Kusini, una hadithi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na ni bure kusoma na kuchapa. Kama simu iko mkononi mwa mtoto usiku, nayo iwe na hadithi.

Sita, gharama. Sikukuu inapokaribia tunajibana kwa kila hali mtoto apate nguo mpya. Tuongeze kitabu kimoja chembamba juu ya nguo ile. Nguo itambana kabla ya mwaka, na kitabu kitarithiwa na mdogo wake.

Mwisho ni kwa wenye mamlaka na wathibiti ubora wa shule. Mnapokwenda kukagua, ombeni daftari la kuazimia kabla ya orodha ya mali. Mkikuta kitabu kimechanika kwa kusomwa, mwandikieni mwalimu yule pongezi, na mkikuta kipya cha miaka mitano, muulizeni kulikoni. Siku mtakapobadilisha swali, makufuli yatafunguka yenyewe.

Kijitabu kile kisicho na jalada bado ninacho, kwani mwanangu alikiacha mezani alipoondoka. Nimejaribu kumtafuta mwenyewe nimrudishie, nikaambiwa alihama mji zamani. Kwa sasa kimo katika sanduku la madrasa, na kila wiki nakuta kimeazimwa. Wiki iliyopita kilirudi kimepungua ukurasa mmoja. Sikumuuliza mtu.

Wabillahi tawfiq.